Bei ya Kiti cha Kwanza

Ukimkuta leo dukani kwake, amesimama nyuma ya meza ndefu ya kukatia vioo, rula ya chuma mkononi na penseli sikioni, utadhani alizaliwa akibishana bei. Mafundi wanamjua. Mmoja akija na maneno matamu, "Mama, wewe kwangu ni mzazi," yeye hujibu, "Basi mzazi hapunjwi," na bei inabaki palepale. Lakini muulize alijifunzia wapi biashara. Hatakutajia soko wala duka. Atakutajia ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha kumi na manne, na msichana aliyeitwa Jino.

Wakati huo yeye mwenyewe aliitwa Kiberiti, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakukawia kuwaka. Baba yake alikuwa fundi vioo. Ukumbi ule ulikuwa wa okestra ya vijana, iliyokutana kila likizo ndefu kwa wiki sita, na mwaka mmoja upepo mkali ulibamiza madirisha mpaka nusu ya vioo vikamwagika chini. Baba akaitwa kurudishia, na Kiberiti, miaka kumi na mitatu, akaenda naye kukanda puti, ule udongo wa kushikizia vioo. Alikuwa ameshafundishwa kugonga kioo kwa ukucha na kusikiliza: kioo kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Basi akawa anapita na kugonga, "Hiki kizima. Hiki kigonjwa. Hiki kizima." Mwalimu wa selo, mama mmoja aliyevaa miwani iliyofungwa uzi shingoni, akasimama kumsikiliza.

"Fundi, mwanao ana sikio," akasema.

"Anayo mawili," baba akajibu, "na yote hayana kazi likizo hii. Tufanye hivi, Mwalimu. Vioo vya chooni nitawawekea bure. Nanyi mumfundishe hilo dude kubwa."

Wakapeana mikono. Hivyo ndivyo binti wa fundi vioo alivyoingia kwenye okestra: alibadilishwa na madirisha mawili ya choo, na hajawahi kuona aibu kulisema.

Hilo dude kubwa, selo, ni fidla iliyokua ikashindwa kubebwa begani. Unaikalisha chini, unaibana kwa magoti, na sauti yake ni ya mjomba anayekohoa kidogo kabla ya kutoa nasaha. Kiberiti aliipenda siku ile ile, akaficha, maana baba alimfundisha kwamba kitu unachokipenda usikitazame sana mbele ya mwenye nacho.

Sasa elewa mambo ya viti, maana bila viti hakuna hadithi. Selo zilikuwa nane, stendi za kuwekea karatasi za muziki zilikuwa nne, watu wawili kila stendi. Kiti cha kwanza kilikuwa mbele, upande wa watazamaji. Cha nane kilikuwa nyuma kabisa, kimeegemea mlango wa choo, na mwenye kukikalia alikuwa na kazi mbili: kucheza, na kusogea watu wapite. Kiberiti alianzia hapo. Wakamwita Karani wa Choo. "Endeleeni kucheka," akawaambia. "Nawaandika wote, na muda mnaotumia."

Kwenye kila stendi, aliyekaa kiti cha nje alicheza tu. Wa ndani alicheza pia, lakini yeye ndiye mfungua kurasa. Ukurasa ukikaribia kwisha, aliacha kucheza, akaupindua, akarudi. Kwa hiyo zile noti za chini kabisa za kila ukurasa hakuzicheza kamwe. Hakuna aliyezikosa, kwa sababu mwenzake wa nje alikuwa anaendelea.

Viti viligombewa Ijumaa. Uliruhusiwa kumwomba kiti yule aliyekutangulia tu, si kuruka watu. Unasimama, unasema, "Naomba kiti," kwa adabu zote, kama mtu aliyeingia zahanati na mguu mbovu. Kisha nyote wawili mnakwenda nyuma ya shuka la kijani lililofungwa kati ya nguzo mbili. Mnavua viatu, maana viatu vina maneno. Mnachomoa vijiti kujua nani aanze, halafu mnacheza kipande kimoja, huyu kisha huyu. Sita waliobaki wanafumba macho, na Mwalimu anawaambia wapige kura: ngumi kwa wa kwanza, kiganja kwa wa pili. Dada aliwahi kumnyima dada yake kura pale, na wakarudi nyumbani pamoja.

Wengine waligombea viti kwa ajili ya jina. Kiberiti alikuwa na hesabu nyingine. Selo aliyochezea ilikuwa mali ya okestra, na likizo ikiisha ilirudi stoo ikafungiwa. Palikuwa na njia moja tu ya kuitoa: aliyekaa kiti cha kwanza Ijumaa ya mwisho aliruhusiwa kusaini ala moja akae nayo nyumbani mpaka likizo nyingine. Wa pili hakuruhusiwa, na wa nane ndiyo usiseme. Waliobaki ama walikuwa na ala zao, ama walikuwa na subira.

Kiberiti alikuwa na ubao. Baba alimchongea kipande cha mbao chenye urefu wa shingo ya selo, akakifunga nyuzi nne za katani, na miezi kumi ya mwaka alikaa nacho nyuma ya duka akibonyeza vidole. Ubao haukutoa sauti. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza mama yake kama binti anaumwa. "Haumwi," mama akajibu, "anacheza muziki wa mabubu." Na kila mwaka akirudi ukumbini, Mwalimu alimshika vidole akaguna: "Mikono yako imelala tena. Kila likizo nakuanza upya."

Hata hivyo alipanda. Likizo ya kwanza alitoka cha nane mpaka cha sita. Ya pili akafika cha tatu. Ya tatu, Ijumaa ya kwanza tu, alimwomba kiti kijana mmoja aliyeitwa Mrefu, akamshinda ngumi sita kwa bila, akahamia kiti cha pili. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Ilibaki likizo moja tu kabla hajapita umri, na yule wa mwaka wa mwisho hakuruhusiwa kusaini kitu. Selo ilikuwa itoke stoo mwaka huo, au isitoke kabisa.

Kati yake na stoo alikaa Jino.

Jino alikuwa binti wa daktari wa meno, ndiyo maana ya jina, na alikuwa na selo yake mwenyewe nyumbani, imelala kwenye sanduku lenye kitambaa laini kuliko shuka za kina Kiberiti. Hakuwa mtu mbaya. Alicheza bila kosa, mgongo wima, kama mtu anayesoma barua ya ofisi. Wiki tano walikaa stendi moja. Jino akicheza, Kiberiti akicheza na kufungua kurasa. Na alifungua vizuri, mwepesi, bila karatasi kulia. "Wewe una mkono wa mwizi," Jino alimwambia. "Mwizi mzuri," akajibu, "hasifiwi mbele za watu."

Alhamisi ya mwisho, wakati wa mapumziko, walikaa kwenye ngazi za ukumbi. Jino alikuwa anamenya chungwa.

"Kesho utaniomba kiti?"

"Nitakuomba."

"Unakitaka kiti, au unaitaka selo?"

"Kwani vinauzwa mbalimbali?"

"Kwangu, ndiyo." Jino akampa kipande cha chungwa. "Mimi ile ya stoo ya nini? Ninayo yangu. Ila kiti nakitaka, baba anakuja kwenye onyesho la Jumapili na wenzake wote wa kliniki. Usiniombe kesho. Mimi nitasaini selo, wewe utaibeba. Kila mtu na chake."

Biashara nzuri namna hiyo haikujii mara mbili. Baba yake Kiberiti angeushika mkono wa msemaji kabla sentensi haijaisha. Lakini Kiberiti alikuwa ameshajisikia kwa masikio yake kwamba anamshinda Jino, na mwenye kujua atashinda huona punguzo ni tusi.

"Ahsante mwenzangu," akasema, "nitaichukua mwenyewe, na kiti juu yake."

Jino akapangusa vidole. "Haya. Ila bei ya leo si ya kesho, usije ukanilaumu."

Ijumaa akasimama. "Naomba kiti." Wakavua viatu, wakaingia nyuma ya shuka. Mwalimu alichagua kipande kilichoanza katikati ya ukurasa wa pili kikaishia juu ya ukurasa wa tatu, na ili pasiwe na shida ya kupindua, alizitandika karatasi hizo mbili ubavu kwa ubavu kwenye stendi. Kijiti kikampa Jino kuanza. Akacheza. Hakuna kosa, hakuna joto.

Kiberiti akakaa. Sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo. Alipovuta upinde mara ya kwanza, hata kelele za mapafu ya Mrefu, aliyekuwa na mafua, zilikatika. Selo ile kuukuu, yenye mkwaruzo tumboni, ilifunguka. Alicheza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama pembeni anakoweza kuona pande zote, aliivua miwani. Halafu Kiberiti akaufikia mstari wa mwisho wa ukurasa.

Mkono wa kushoto ukaacha nyuzi. Hakuuagiza. Uliondoka wenyewe, kama ulivyoondoka wiki tano nzima mara arobaini kwa siku, ukaenda kwenye karatasi, ukaipindua. Na kwa kuwa karatasi haikuwa imeshonwa na mwenziwe, iliruka. Ukumbi ukasikia selo imenyamaza kwa muda wa pumzi mbili. Kisha karatasi ikatua sakafuni, ikateleza chini ya shuka la kijani, ikasimama miguuni pa Mrefu. Wakati huohuo selo ikaingia tena kwenye noti ya kwanza ya ukurasa wa tatu, kwa wakati wake kamili, na kumaliza kipande kwa uzuri uleule.

Yeye mwenyewe hakujua. Ndilo jambo analolisimulia mpaka leo kwa mshangao: hakujua. Alidhani amecheza kila kitu. Alijua pale tu aliposikia sauti ya Mrefu:

"Mwalimu, nimeletewa barua!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. "Hata shuka lingekuwa ukuta tungemjua!" mmoja akasema. Mwalimu hakucheka. Akawaamuru wafumbe macho. Ngumi tano, kiganja kimoja.

Baadaye Mwalimu alimkuta akikunja shuka. "Ulimshinda," akamwambia polepole. "Ukiondoa pale uliponyamaza. Lakini mwanangu, na kunyamaza kunahesabiwa."

"Najua, Mwalimu."

"Mwakani mwombe tena."

"Mwakani sina cha kusaini, Mwalimu."

"Mwombe hivyo hivyo. Nataka nikuone pale mbele kabla sijastaafu."

Hapo ndipo wengi wangekwenda kulia chooni, na Kiberiti kweli alikwenda upande wa chooni, ila ni kwa sababu Jino alikuwa anaosha mikono huko. Vioo viwili alivyoweka baba yake vilikuwa juu ya karo.

"Hongera," Kiberiti akasema.

"Ahsante. Pole."

"Ile bei ya jana."

"Jana imekufa." Jino alifunga bomba. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Jana ungenipunguzia woga wa kwenda nyuma ya shuka. Nimeshakwenda, nimeshatetemeka, nimeshashinda. Sasa unanipa nini?"

Kiberiti alikuwa hana kitu. Na mtu asiye na kitu, mwambie atazame tena, huwa nacho. "Jumapili," akasema, "nani atakufungulia kurasa?"

"Wewe."

"Mimi naumwa mkono. Uliona mwenyewe ulivyo mgonjwa, unapindua hovyo."

"Kiberiti!"

"Atakaa Mrefu. Na mafua yake. Wiki ile ya kwanza alifungua kurasa mbili pamoja, mkajikuta mko mwisho wa kipande na okestra iko katikati. Na madaktari wa meno wote wamekaa mstari wa mbele."

Jino akamtazama kwenye kioo cha dirisha. Akaanza kucheka, akajizuia. "We mtoto wa sokoni kabisa. Haya, kurasa Jumapili. Hiyo haitoshi."

"Ongeza wewe."

"Mwakani usiniombe kiti. Ijumaa zote sita."

 Kiberiti alikuwa na sauti ya Mwalimu bado mbichi sikioni. "Ijumaa ya mwisho niachie."

"Ijumaa ya mwisho ndiyo ninayoinunua. Nyingine nakupa ziada."

"Nyuzi zikikatika?"

"Zangu. Nitakuletea seti nzima."

"Na nta ya upinde."

"Na nta. Basi? Au unataka na mimi mwenyewe nije nikupikie?"

Wakapeana mikono yenye maji.

Walikwenda stoo pamoja. Mzee wa Stoo, aliyekuwa na daftari kubwa na kalamu iliyofungwa mezani kwa kamba kana kwamba nayo ingetoroka, alimsainisha Jino, kisha akamwona Kiberiti ndiye anayeinama kuibeba selo.

"Hii inakwenda nyumba gani?"

"Kwetu," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Mzee akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi naandika mkono uliosaini," akasema. "Miguu siandiki. Mkiivunja, ninyi ni ndugu, mtalipa kama ndugu."

Jumapili alifungua kurasa kama hariri, madaktari wa meno wakapiga makofi, na jioni baba na binti wakaibeba selo kwenda nyumbani, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kama wanaomrudisha mlevi.

"Na huyu mgeni atalala wapi?" mama akauliza mlangoni.

"Kitandani kwangu. Mimi nitalala chini."

"Miezi kumi?"

"Mama, mimi nimeshalala chini kwa ajili ya binamu nisiowapenda."

Ukimtaka leo ataje mwaka mzuri wa maisha yake, hatataja mwaka wa harusi, wala ule aliofungua duka la pili. Atautaja huo. Alicheza nyuma ya duka, kati ya makreti ya vioo yaliyopakiwa majani makavu. Palikuwa na noti moja ya chini ambayo akiivuta, vioo vyote ukutani vilitetemeka kwa pamoja, na baba alipiga kelele kutoka mbele, "We! Mali ya watu hiyo!" kisha dakika chache baadaye, wateja wakishaondoka, "Hebu ivute tena ile." Mama akaanza kupanga kazi kwa muziki: kipande fulani kikifika mwisho, wali umeiva. Jino alileta nyuzi kama alivyoahidi, mara mbili, na mara ya pili alikaa mpaka jioni wakicheza kwa zamu, na hakuna aliyetaja viti. Ile miezi kumi ndiyo iliyomlisha miaka kumi na miwili ya kucheza kwenye kumbi za harusi, kabla vidole havijaanza kukakamaa. Ukimwambia aliuza kiti, atakwambia kila kitu kina mnunuzi, na yeye hakupunjwa.

Anachokisema kwa sauti ya chini kidogo ni likizo ile ya nne.

Alirudi ukumbini, na siku ya kwanza Mwalimu alimshika vidole kama kawaida yake. Safari hii hakuguna. Aliviachia taratibu, akamtazama usoni, akauliza, "Umepata wapi ala?" Kiberiti akasema ameazima kwa ndugu. Alipocheza, wote waligeuka, hata wa tarumbeta kule nyuma. Jino, kiti cha kwanza, alikaa wima zaidi ya zamani.

Ijumaa ya kwanza Mwalimu akauliza, "Nani anaomba kiti?" huku anamtazama Kiberiti. Kiberiti akatazama magoti yake. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, Mwalimu alimwita pembeni.

"Wanakutisha? Ni ile barua ya Mrefu bado?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ni nini? Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja. Mwoga namjua, wewe si mwoga."

Angesema nini? Akisema ukweli, daftari la stoo linafunguliwa, Jino na Mzee wote wanaingia matatani. Na hata pasingekuwa na daftari, alikuwa ametoa mkono. "Labda ni mwoga, Mwalimu," akasema, "hujaniona vizuri tu." Mwalimu akaondoka.

Ijumaa ya sita ilikuwa ya mwisho kwa Kiberiti, na ya mwisho kwa Mwalimu pia. Maua ya kumuaga yalikuwa tayari kwenye ndoo karibu na mlango. Shuka la kijani lilikuwa limeshafungwa kwenye nguzo. Jino aliinama kana kwamba anatafuta nta chini ya kiti, akanong'ona, "Omba. Sitakudai."

"Ulishalipa," Kiberiti akanong'ona.

"Nakusamehe, mpumbavu wewe. Omba!"

"Nyuzi nimezitumia, miezi kumi nimeimaliza. Utanisameheje kitu nilichokwishakula?"

Mwalimu akavaa miwani. "Kwa mara ya mwisho," akasema. "Nani anaomba kiti?"

Mrefu alimpiga Kiberiti teke dogo kwa nyuma. Saba walimtazama. Akaishika selo kwa magoti, akaweka mikono yote miwili juu ya mabega ya ala, ili yeye mwenyewe aione iliko, isije ikaondoka tena yenyewe.

"Kiberiti?"

"Nimekaa vizuri hapa, Mwalimu."

Mwalimu akasubiri kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaenda kwenye nguzo, akaanza kulifungua shuka, fundo moja baada ya fundo.